Mistari Minne Ambayo Sikuichapa

Mimi ni mtu wa kushuku, na ugonjwa huu sikuupatia Amerika. Mtu akisifia nguo yangu najiuliza anataka kuazima nini. Dada yangu husema hata malaika akinijia na habari njema nitamwomba kwanza kitambulisho. Huwa nacheka, lakini anasema kweli, na kuna watu wawili walioilipia tabia hii yangu zaidi kuliko nilivyoilipia mwenyewe.

Katikati ya miaka ya elfu mbili nilikuwa nafanya kazi katika kliniki ndogo ya saratani upande wa Greenbelt, Maryland. Kazi yangu ilikuwa kuchapa. Daktari akishamwona mgonjwa aliingia ofisini kwake, akafunga mlango, akayasimulia yote kwenye kinasa sauti kidogo cha mkononi: mgonjwa analalamika nini, amepimwa nini, ameshauriwa nini. Kaseti zilinifikia kwenye kikapu cha plastiki. Nilivaa hedifoni, nikakanyaga pedali iliyosimamisha na kurudisha sauti, nikachapa. Ijumaa karatasi zilikwenda kwa daktari, akazisaini zote kwa mkupuo, zikaingia kwenye mafaili. Kaseti nilizifuta ili zitumike tena wiki inayofuata.

Daktari alikuwa mama wa Kimarekani wa miaka sitini na kitu, mjane, mwenye sauti ya kukwaruza, aliyependa kutafuna karoti huku anarekodi. Mwezi wa kwanza nilidhani kinasa sauti kimeharibika. Hakuwa akisoma anachosaini. Siku moja nilimwambia asome, akanijibu, "Nikukague wewe? Wewe unasahihisha mpaka makosa yangu." Nilitembea na fahari ile wiki nzima.

Miaka ile shaka ilikuwa hewani katika eneo zima la Washington, hata kwa wasiozaliwa nayo kama mimi. Kwenye vituo vya treni sauti ilikuhimiza uripoti mfuko usio na mwenyewe. Nusu ya watu walikuwa na kazi zisizotajika mezani. Jirani yangu wa mlango wa pili, kwa miaka mitatu, nilijua mambo mawili tu juu yake: kwamba yuko "serikalini", na kwamba anakaanga samaki Jumapili.

Tena mimi nina sababu za nyumbani. Baba yangu alikuwa karani wa wilaya huko Tanga. Aliandika dokezo moja la kweli kwenye faili moja, juu ya mkubwa mmoja, na mwezi haukuisha kabla hajarudishwa nyumbani kulima mihogo. Tangu hapo alitufundisha kwamba lililosemwa unaweza kulikana, lakini lililoandikwa litakungoja. Nimelala na kuamka na mafundisho hayo maisha yangu yote, halafu nikaenda kutafuta kazi ya kuandika.

Sasa habari ya bangi. Maryland ilikuwa imelegeza kamba kidogo: mgonjwa akikamatwa nayo, kisha akamthibitishia hakimu kwamba anaitumia kwa ajili ya ugonjwa, alitozwa faini ndogo badala ya kufungwa. Lakini kwa serikali kuu ilikuwa dawa ya kulevya tu, na serikali kuu haikuwa mbali nasi, ilikuwa vituo vichache vya treni. Madaktari waliogopa leseni zao. Kule majimbo ya magharibi mahakama ilikuwa imesema daktari asiadhibiwe kwa kumshauri mgonjwa wake juu ya bangi. Sisi hatukuwa magharibi, na mimi sikuwa mtu wa kuamini kwamba neno la hakimu linavuka bara zima bila kuchoka.

Mgonjwa ninayemkumbuka alikuwa Mkongo wa Bukavu, mzee mwenye saratani ya tumbo. Wagonjwa wengi walikuja kuwekewa dawa ya kemo wamevaa suruali za kulalia, na nani atawalaumu? Yeye alikuja na suti ya bluu ya vipande vitatu, leso mfukoni, viatu vinang'aa. Aliiona kanga niliyoitandika kwenye kiti changu, akatabasamu. Nilimwamkia shikamoo, akanijibu "Jambo sana, maman," nikajua ametoka upande wa pili wa ziwa.

Siku moja mwezi wa pili alitoka chumba cha daktari, akaja moja kwa moja mezani kwangu, akainama.

"Maman, munganga ameandika? Ile maneno ya majani, ameiweka mu dossier?"

"Majani gani, baba?"

"Bangi," akasema, waziwazi, mbele ya watu, kama anayetaja majani ya chai. "Iko inanisaidia kukula. Nimemwambia munganga yote. Niko naomba aandike."

Nilimwambia daktari huandika kila kitu kwenye faili, nikajifanya nina simu ya kupokea. Mchana kaseti ilipofika niliitafuta sauti yake kwanza. Daktari alikuwa ameacha karoti. Alisema polepole, neno kwa neno, kama mtu anayesoma: "Mgonjwa ameniarifu kwamba anatumia bangi kuzuia kutapika. Tumezungumza faida na madhara yake. Kwa maoni yangu ya kitabibu inamsaidia, na namshauri aendelee. Sikumwelekeza pa kuipata wala sikumwandikia chochote cha kuipatia."

Mistari minne. Niliitoa kaseti nikaiweka kwenye droo, sikuchapa.

Kesho yake akapiga simu. "Maman, ameandika?" Baada ya siku mbili akaja mwenyewe, ingawa hakuwa na miadi. Suti ileile, imepigwa pasi mpaka unaweza kukatia mkate. Alikuwa na daftari dogo la shule, na nilipochungulia niliona ameandika tarehe ya siku ile na maneno ya daktari kwa mwandiko mzuri ajabu. Aliniomba nimwonyeshe ukurasa. Nilimwambia haujawa tayari. Akashukuru, akaandika jambo lingine kwenye daftari, akatoka. Dirishani nilimwona akipanda gari la kijivu lililokuwa likingoja, na ndani mwanamume wa miwani ambaye hakuwahi kushuka hata mara moja.

Nilirudi nyumbani nimeshamaliza kesi. Dada yangu, ambaye alikuwa akitunza wazee majumbani na tuliishi pamoja, alikuwa anamenya viazi. Nilimsimulia bila kutaja jina.

"Lakini huyo mtu ana kansa kweli?" akauliza.

"Anayo. Majibu ya picha zake nimeyachapa mimi."

"Basi mpelelezi gani mwenye kansa?"

"Ndiyo hapo wanapokuwa wajanja," nikamwambia. "Hawatumi mzima. Wanamchukua mkimbizi mwenye shida ya makaratasi, wanamwambia, tusaidie na sisi tutakusaidia. Mtu gani anavuta bangi halafu anabembeleza iandikwe?"

Dada aliacha kumenya. "Hapo umesema. Lisemwalo lipo."

Nilichohitaji kilikuwa mtu mmoja wa kunikubalia. Asubuhi nilivaa hedifoni, nikachapa maelezo ya mgonjwa yule kuanzia uzito wake mpaka presha. Nilipofika kwenye mistari minne nilikanyaga pedali, nikaipitisha, nikaandika badala yake: "Hamu ya kula imeongezeka." Halafu nikaifuta kaseti, mara mbili, upande huu na upande ule. Ijumaa daktari alisaini. Nilimwangalia akisaini, na namwambia msomaji kweli, nilijisikia mtu mwema. Nilijiona nimemfunika mama wa watu na kanga yangu mwenyewe, na hajui hata kwamba mvua ilikuwa inakuja.

Mgonjwa alipouliza tena nilimwambia, "Tayari, baba." Akanishika mkono kwa mikono miwili. Nikaona: huyo, ameridhika, sasa atakwenda kutoa ripoti.

Alikamatwa majira ya kuchipua. Jirani wa ghorofa ya juu alilalamika juu ya harufu, polisi wakagonga, na yeye, wanasema, akawakaribisha ndani akawaonyesha dawa zake zote mezani, na kikopo cha bangi kikiwa katikati yake, akawaambia munganga ameandika. Wakili aliyepangiwa na mahakama alituma barua kuomba faili. Nililitolea kopi mimi mwenyewe. Baada ya siku chache wakili akapiga simu kwa daktari: ameangalia ukurasa kwa ukurasa, hamna kitu.

Daktari aliniita. Alikuwa amesimama na ukurasa wa mwezi wa pili mkononi.

"Nilisema," akaniambia. "Nakumbuka nilisema. Maneno yale niliyaandaa na wakili wangu, tukayapima moja moja. Uliyasikia?"

Nilijibu kwamba nachapa vitu vingi, siwezi kukumbuka. Ni jibu la kitoto, lakini hakulitilia shaka. Alikaa chini. Aliugeuza ukurasa upande wa pili, kisha akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwenye kaseti yoyote, "Labda nazeeka. Mama yangu alianza hivihivi."

Afadhali angenipiga kofi. Siku tatu zilizofuata nilimwona akijijaribu. Alitaja majina ya wagonjwa kabla ya kufungua mafaili yao. Aliandika vikaratasi akavibandika kwenye taa. Mchana mmoja aliniuliza kama amekwisha kula, na karoti ilikuwa mkononi mwake. Na siku ya kesi ilikuwa inakaribia. Bila ushahidi wa ugonjwa kuunganishwa na bangi, yule mzee angeweza kufungwa hata mwaka mzima, na mimi niliyechapa vipimo vyake nilijua hakuwa na mwaka wa kutoa zawadi.

"Nyamaza," dada aliniambia. Safari hii hakuwa anamenya kitu, alikuwa amekaa kitako kunikabili. "Fingerprints umeshachukuliwa, bado kiapo cha uraia tu. Ukisema umefuta record ya mgonjwa, wata-check kila kitu. Usiji-involve, mdogo wangu. Daktari akaseme kwa mdomo wake."

"Wataamini?"

"Shauri yao."

Sikumkasirikia. Alisema yale ambayo baba yetu angesema. Lakini alipoondoka kwenda kazini nilibaki jikoni nikaona haya, haya ya kweli, ile inayokufanya uzungumze peke yako.

Asubuhi niliingia ofisini kwa daktari bila kubisha hodi. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama: kaseti, pedali, mistari minne, suti, daftari, gari la kijivu. Nilimaliza kwa kusema, "Nilikuwa nakulinda."

"Dhidi ya nani?"

"Dhidi yake yeye."

Kwanza nilimwona anapumua, kwa sababu kumbe akili yake ilikuwa nzima. Halafu hasira ikaja, na hakupandisha sauti. Aliniambia kwamba mistari ile ndiyo iliyokuwa ulinzi wake. Daktari anayempa mgonjwa ushauri wa kweli, akaeleza faida na madhara, akaandika kwamba hakumwonyesha njia ya duka, huyo ana mahali pa kusimama hata wakija wakubwa wa wapi. Anayenong'ona na kuficha ndiye anayeonekana ametenda kosa. "Nilikuwa nimeshajilinda," akasema. "Wewe umenivua nguo. Nikiandika leo, baada ya mtu kukamatwa, nani ataamini kwamba sikuyapika maneno haya?"

Kikulacho ki nguoni mwako, tunasema, na kila siku nilikuwa nimewaza ni nguo za wengine.

"Utakuja mahakamani," akasema. Halikuwa swali.

Chumba cha mahakama kilikuwa na baridi ya kiyoyozi na viti vigumu. Mzee alikuja na suti yake ya bluu, na sasa ilimpwaya mabegani. Yule mwanamume wa miwani alikuwa amekaa nyuma yake. Alikuwa dereva wa kanisa lao, aliyempeleka kwa matibabu kwa sababu mgonjwa hakuwa na nguvu ya kupanda basi. Hakuwa akishuka garini kwa kuwa mwenyewe alikuwa na mguu mbovu, aliuburuta kwa fimbo. Miezi yote ile nilikuwa nimemtengenezea ofisi ya upelelezi na mkubwa wake wa kazi.

Daktari alizungumza kwanza. Mwendesha mashtaka, kijana mwenye adabu, alimwuliza swali moja tu: kama ulisema, mbona hukuandika? Akajibu kwamba alirekodi, na kwamba alisaini bila kusoma. Alilisema hilo la pili mbele ya watu wote, kwa sauti ileile ya kukwaruza, bila kunitazama.

Kisha nikaitwa mimi. Nilisema niliiruka ile mistari minne. Kijana akauliza kwa nini.

"Nilidhani mgonjwa ni mpelelezi."

Watu wawili watatu walicheka. Hakimu hakucheka. Aliuliza ni kitu gani kilichonifanya nifikiri hivyo, nami nikajikuta nikieleza, kwa Kiingereza changu bora, mbele ya mwanamume mwenye saratani ya tumbo, kwamba alikuwa amevaa vizuri mno na alitaka mno ukweli uandikwe. Kila nilichokitaja kilikuwa kidogo zaidi kuliko kilivyokuwa kichwani mwangu.

Hakimu alituamini. Mzee alitozwa faini ile ndogo, akaachiwa kwenda nyumbani. Daktari alipelekewa barua na bodi ya leseni, na haikuwa kwa sababu ya bangi, ambayo hawakuwa na la kumwambia juu yake. Alikemewa kwa kusaini kumbukumbu asizozisoma, na barua hiyo ikakaa kwenye rekodi yake. Mimi hakuna aliyenifuata. Mwaka uliofuata nilinyoosha mkono nikala kiapo cha uraia, na afisa alinipongeza. Sijawahi kuelewa hesabu hiyo.

Lakini hapo katikati, siku ileile ya kesi, kuna korido ya mahakama. Wengine walikuwa wametangulia kwenye lifti, mimi na mzee tukabaki. Nilimwambia, "Nisamehe, baba."

"Weye njo uliniambia tayari. Nilikushika mukono."

"Ndiyo."

"Na kweli ulifikiri niko espion?"

"Ndiyo, baba."

Alitoa leso yake akajifuta mdomo. "Ku Bukavu nilikuwa naandika watu ku komini. Wenye kuzaliwa, wenye kufa, wenye kuoana. Vita ilipokuja, mutu moja akasema niko napelekea adui majina. Mutu moja tu, na haikuwa hata ku papier. Walichoma nyumba na mutoto yangu wa kwanza alikuwa ndani." Aliikunja leso vizuri, pembe kwa pembe, akairudisha mfukoni. "Njo maana napenda vitu viandikwe."

Nililia, yeye hakulia. Lifti ilikuja akaingia.

Wiki mbili baadaye alikuja kliniki kuomba faili lake. Alikuwa anahamia kwa daktari mwingine, upande wa Silver Spring. Daktari alimwomba abaki, mzee akamshukuru, akakataa. Nilimtolea kopi zote, ukurasa kwa ukurasa, pamoja na ule ambao daktari alikuwa ameuongeza kwa mkono wake na kuutia tarehe ya kweli. Hakuniita maman. Alivuta kiti, akakaa mbele ya meza yangu, akasoma kila karatasi kuanzia ya kwanza, kidole chini ya mstari, na ilimchukua sehemu kubwa ya asubuhi. Alipomaliza aliniomba nisaini kwamba ndizo zote, hakuna iliyobaki. Nikasaini. Aliitazama saini, akanitazama usoni, akazirudisha karatasi mezani, akaanza kuzihesabu upya.